Sura ya Saba: Mtaro Kwenye Mchanga

Mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni gizani, ukasimama kwa ukingo wake, ukaanza kubingirika.

Inspekta Emmaculate Okinyi alifumbua macho lakini hakuinuka. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni, na nyumba yake ya kupanga pale Kondele ilikuwa giza totoro. Alisikiliza. Sakafu ya jikoni ilikuwa imeinama kidogo, maana fundi aliyeipiga simiti alitaka maji ya kuoshea yakimbilie mlangoni, na sasa mfuniko ulifuata njia hiyo hiyo ya maji, ukikwaruza, ukiongeza mwendo, hadi ukagota mlango. Tep. Mgoto mdogo, wa aibu aibu. Ukayumba mahali pamoja ukilialia, kisha kimya.

"Umetokea pale mezani," alinong'ona. "Ungetokea kule dirishani ungeamsha ploti nzima."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe aliketi wima kama mtu aliyechomwa sindano. Akapapasa chini ya mto, akatoa simu, akafungua picha iliyokuwa imemkosesha usingizi.

Picha hiyo ilipigwa Jumatano jioni na Sajini Wakhungu, kabla ya mvua kunyesha. Ilionyesha rundo la mchanga wa ujenzi, na pipa la chuma limejizika ndani yake. Nyuma ya pipa kulikuwa na mtaro ambao pipa lenyewe lilikuwa limeulima, na kando ya mtaro utepe wa kupimia: mita moja na kidogo. Ng'ambo ya rundo lilionekana geti la bati zito lililopakwa rangi ya samawati. Emmaculate aliivuta picha kwa vidole viwili, akalikagua geti kutoka juu hadi chini.

Halikuwa na hata mkwaruzo.

Mtu aliyeuawa na pipa hilo alikuwa Mark, dereva wa trekta kutoka Muhoroni. Kila juma alimletea Owiti molasi, ile shira nzito nyeusi inayobaki miwa ikishakamuliwa na kupikwa sukari, naye Owiti aliwauzia wafugaji. Boma la Owiti lilikuwa kwenye mteremko wa Riat. Jumatano jioni Mark alikuwa ameketi mbele ya rundo lile la mchanga, karibu na geti, anakula muhogo. Pipa lililojaa molasi likateremka, likamponda.

Kuhusu nani aliyelisukuma, hakuna aliyejisumbua kuuliza mara mbili. Katika boma la Kijaluo nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hukaa sehemu ya juu, mlango wake ukitazamana na lango. Nyumba ya nyachira, mke wa pili, hukaa kando. Pipa lilikuwa limekwenda moja kwa moja hadi getini. Basi lilitoka kwa nani? Kwa Dorca, mikayi. Mapipa yenyewe yalipangwa ubavuni mwa nyumba yake. Na kwenye chama cha akina mama, majuma mawili nyuma, watu wote walimsikia akisema juu ya Winny, mke mwenzake, "Huyo msichana ataniona." Winny ndiye aliyekuwa amempelekea Mark muhogo. Ilisemekana Dorca alimlenga Winny, akamkosa, akampata mgeni.

Dorca alikuwa seli. Kesho Jumatatu asubuhi angepandishwa kortini kwa kosa la mauaji.

* * *

"Madam, leo Jumapili," alisema Sajini Wakhungu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kikombe chake cha chai. "Hata Mungu alipumzika."

"Yeye alikuwa amemaliza kazi. Sisi bado."

"Mimi nimemaliza. Kesi yangu iko tayari."

"Kesi yetu."

"Nilimkamata mimi." Wakhungu aliweka kikombe chini. Alikuwa ameingia polisi wakati Emmaculate bado anavaa sare ya shule, na nafasi ya inspekta ilipotokea, kituo kizima kilijua anayeingojea ni nani. Ikachukuliwa na mwanamke ambaye kabla ya kuvaa magwanda alikuwa akifundisha fizikia kule Maseno. Tangu siku hiyo Wakhungu alimwita "Mwalimu" akiwa hayupo, na "Madam" akiwepo, na yote mawili aliyatamka kwa namna moja.

Emmaculate aliweka simu mbele yake. "Utepe huu wa kupimia ni wako?"

"Wangu."

"Ulipima vizuri?"

"Madam, mimi nilianza kupima ajali za barabarani wewe ukiwa unapima marefu na mapana kwa rula ya plastiki."

"Basi nakuamini. Kutoka mlango wa Dorca hadi pale chini kuna mteremko wa kutosha?"

"Mrefu. Ukiteleza juu unajikuta barabarani."

"Na pipa lililojaa molasi lina uzito gani?"

"Wanaume wanne wazima. Zaidi."

"Sasa niambie, Sajini. Wanaume wanne wazima, wamefungwa pamoja, wanateremka mlima wote huo. Halafu mchanga unawasimamisha kwa mita moja?"

Wakhungu alitazama picha. Akakunja uso. "Mwili wa marehemu ulipunguza mwendo."

"Inawezekana. Twende tukaone. Lete gari, lete utepe wako, na umtoe Dorca aje nasi."

"Mshukiwa wa mauaji tumpeleke matembezi?"

"Yeye ndiye anayejua mapipa yalikaa wapi."

Sajini aliinuka shingo upande. Akiwa mlangoni aligeuka. "Na ukikosea, Madam, kesho nani ataeleza bosi kwamba Jumapili tulikuwa Riat tunacheza na mapipa?"

"Mimi."

"Sawa basi," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana mwenye furaha.

* * *

Owiti hakusimama kuwapokea. Alikuwa ameketi kwenye duol yake, kibanda kisicho na kuta, mabati manne juu ya nguzo, kando ya zizi la ng'ombe katikati ya boma. Duol ni mahali pa mwenye boma. Hapo ndipo anapoota moto, anapopokea wanaume wenzake, anapoamua mambo yake. Mzee huyu, mwenye shati la kanisani lililopigwa pasi likasimama, alikuwa amejaza kiti chake cha mbao kama mtu anayepigwa picha.

"Mmemrudisha?" aliuliza akimwona Dorca kwenye kiti cha nyuma cha gari.

"Ametusindikiza tu, Mzee," Emmaculate alisema. "Nina maswali machache. Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Muda wote?"

"Tangu ng'ombe waingie. Sikuondoka. Uliza mtu yeyote."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Nani angekaa hapa?"

Emmaculate alitazama juu, kisha chini. Njia ya ng'ombe, iliyochimbika katikati kama mfereji mkavu kwa miaka ya kwato, ilitoka mlangoni mwa Dorca, ikapita hatua chache kutoka duol, ikanyooka hadi getini. Kitu kikianza kubingirika ndani ya njia hiyo kisingeweza kutoka. Nyumba ya Winny ilikuwa pembeni, mlango wake ukitazama zizi. Pipa kutoka kule lingeishia kwenye ua wa michongoma.

"Kwa hiyo pipa lilikupita hapa."

"Lilinipita kama umeme! Nikaruka. Nikageuka juu nikaona leso yake mlangoni."

"Mwongo," Dorca alisema kutoka kwenye gari. Hakupaza sauti.

"Unaona?" Owiti alisema. "Hata leo ulimi bado ni kisu."

"Mark alikuwa mtu wa namna gani, Mzee?"

"Dereva."

"Mwema? Mbaya?"

"Nimesema dereva. Analeta mapipa, anaondoka. Jumatano hakuondoka."

"Kwa nini?"

Owiti alilamba midomo. "Alipewa muhogo. Akapewa na chai. Kwa kikombe changu."

"Ulikiona kikombe kutoka hapa?"

"Ni changu. Nitakosaje kukijua?"

Winny alitoka nyumbani kwake akiwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, binti yake mdogo Akello ameng'ang'ania sketi yake. Alikuwa mrembo wa aina inayofanya watu wateremshe sauti. Alipomwona Dorca alisimama ghafla, akamvuta mtoto nyuma yake.

"Mama Akello," Emmaculate alimwita, "Jumatano uliongea nini na marehemu?"

"Hakuna. Alinihadithia vile ng'ombe alipanda trela ya miwa huko Muhoroni akakataa kushuka, ikabidi aendeshwe mpaka kiwandani kama mkurugenzi. Nikacheka tu."

"Ulicheka sana?"

Winny alimtupia mumewe jicho, akaliondoa haraka. "Kidogo."

"Ulicheka mpaka mimi nikasikia nikiwa jikoni," Dorca alisema. "Na jikoni kwangu unajua paliko."

"Si useme tu uliumwa! Tangu niolewe hapa unaniangalia kama nimeiba."

"Ndiyo niliumwa. Sikatai." Dorca alishuka kwenye gari polepole, pingu mikononi. "Nimekuonea wivu mpaka kamba yako ya kuanikia nguo. Mimi paa langu linavuja, wewe unaletewa mchanga uongezewe vyumba. Nilisema kwa chama utaniona, na ungeniona: Okello wangu akimaliza Maseno aanze kazi, angenijengea nyumba ya vigae uione kila asubuhi ukiamka. Hiyo ndiyo sumu yangu yote. Kuua mtu, hapana."

"Maneno matamu," Wakhungu alisema.

"Maneno hatutayapima leo," Emmaculate alisema. "Tutapima mapipa."

* * *

Watu walikuwa wanatoka kanisani, na habari kwamba polisi wanabingirisha mapipa kwa Owiti haikuhitaji kutangazwa. Walijaa kando ya ua na viatu vyao vya Jumapili. Mbele yao alikuwa jirani, Mzee Oketch, aliyekuwa na kofia na maoni juu ya kila kitu.

Emmaculate aliwaomba vijana walirudishe rundo la mchanga kama lilivyokuwa kwenye picha, urefu na kimo. Jua lilikuwa limeukausha tangu mvua ya Jumatano. Mbele ya rundo, pale Mark alipokuwa ameketi, akasimamisha gunia la mahindi.

"Hilo gunia ni zito kuliko Mark," alisema Mzee Oketch. "Mark alikuwa mwembamba kama fimbo."

"Ndivyo ninavyotaka. Sajini anasema mwili ulipunguza mwendo. Basi nimempa mwili mnene."

Watu wakacheka. Wakhungu hakucheka.

Walianza na pipa tupu, kujaribu njia. Likawekwa mlangoni mwa Dorca, likaachiliwa bila kusukumwa. Lilishuka likipiga kelele kama bendi ya shule, likirukaruka, likaligusa gunia, likapanda mchanga kidogo, likalala. Halikuacha mtaro. Liliacha alama kama ya kuku aliyejipukusa.

"Sasa lililojaa."

"Hilo litachelewa," Mzee Oketch alitangaza. "Zito namna hiyo litakokoteka kama mama mjamzito."

"Mzee, nyamaza uone," mtu akamwambia.

Pipa lililojaa halikupiga kelele. Lilinguruma tu, chini chini, na kabla Mzee Oketch hajageuza kichwa kulifuata lilikuwa limeshapita duol. Lilikuwa na haraka kuliko lile tupu, kila mtu aliona. Lililitupa gunia pembeni, likalima rundo la mchanga kutoka mwanzo hadi mwisho, likatokea upande wa pili na kulipiga geti. Bati lilipiga ukelele. Komeo likang'oka, mabawa mawili yakafunguka, na pipa likasimama ng'ambo ya barabara kwenye shamba la mtu.

"Geti langu!" Owiti alifoka kutoka kwenye kiti chake. Lakini hakuinuka.

"Yawa," Mzee Oketch alisema. "Naomba msamaha kwa akina mama wajawazito."

Emmaculate alimgeukia Wakhungu. "Utepe, Sajini."

"Nipime nini? Mtaro hauna mwisho."

"Basi andika hivyo."

"Lakini kwa nini lile tupu lilichelewa?" aliuliza kijana mmoja aliyekuwa na koleo. "Si ni jepesi?"

Emmaculate alijipangusa vumbi usoni, na kwa dakika moja alikuwa mbele ya ubao tena. "Kitu kikibingirika kinafanya kazi mbili: kinakwenda mbele, na kinazunguka. Nguvu iliyonayo kinaigawa. Pipa tupu, chuma chake chote kiko pembeni, kwa hiyo kuzunguka kunakula nusu ya nguvu. Lililojaa, uzito mwingi uko ndani, karibu na katikati. Kuzunguka kunakula kidogo, kwenda mbele kunabaki na nyingi. Ndiyo maana liliwahi. Na kwa sababu ni zito, likifika chini lina kazi kubwa ya kufanya: kurusha gunia, kulima mchanga, kuvunja geti. Mpaka nguvu iishe."

"Pengine alilisukuma polepole," Wakhungu alisema.

"Sisi hatukulisukuma kabisa. Ukisukuma unaongeza. Kutoka mlango huu, mtaro mfupi kuliko tuliouona hauwezekani."

"Basi siku ile halikujaa. Lilikuwa nusu."

"Wewe ndiye uliyelifungua ukaandika limejaa hadi shingoni."

Shingo ya Wakhungu ilikuwa imebadilika rangi. Alimtazama Dorca, akatazama geti lililong'oka, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe, "Kwa hiyo halikutoka juu."

"Halikutoka juu."

"Lilitoka wapi?"

"Hilo vijana watatuonyesha. Jamani, tusaidieni kulirudisha pipa ndani, mchanga urudishwe, gunia lirudishwe. Halafu mlisukume pipa mpande nalo. Polepole. Nikiwaambia simameni, mtasimama."

Kulipandisha hakukuwa mchezo. Vijana sita waliliwekea mabega, mashati meupe yakalowa, mmoja akapoteza kisigino cha kiatu. Mzee Oketch alitembea kando yao akiwahesabia pumzi. Kila hatua chache walitia jiwe chini ya pipa, wakapumua.

"Jasho hilo halipotei," Emmaculate aliwaambia. "Mnaliweka ndani ya pipa. Mkiliachilia litaenda kulitumia mchangani, si zaidi ya mlichoweka."

Aliwasimamisha mara ya kwanza chini kabisa, karibu na mti wa mpapai. Pipa likaachiliwa, likasukuma gunia, likaegemea mchanga bila kuulima. Wakapanda tena, juu zaidi, wakaachilia. Mtaro wa nusu mita. Wakapanda tena, wakihema, wakilaani molasi na waliobuni sukari. Emmaculate alikuwa akitembea kinyumenyume mbele yao, macho yake kwenye mteremko.

"Hapo. Simameni."

Vijana wakatia jiwe. Mmoja akainua kichwa kuona wamefika wapi, na tabasamu likamtoka usoni.

Walikuwa hatua chache kutoka duol. Owiti alikuwa amekaa akiwatazama, mikono juu ya magoti.

"Achilieni."

Jiwe likatolewa. Pipa likashuka na mngurumo wake wa chini chini, likalirusha gunia, likazama mchangani, likatulia. Geti, lililokuwa limeegemezwa tu kwenye nguzo zake, halikutikisika.

Wakhungu alipiga goti. Alipima. Akarudisha utepe, akapima tena. Alipoinuka aliangalia kwanza picha kwenye simu, kisha akamwangalia inspekta wake, na kijicho kilikuwa bado kimo machoni, lakini kulikuwa na kitu kingine pia.

"Mita moja," alisema. "Na kidogo."

* * *

"Upuuzi," Owiti alisema. "Mtu yeyote angeweza kusimama hapo. Hata huyo." Alimnyooshea Winny kidole.

"Mimi?" Winny alishika kifua. "Baba Akello, mimi?"

"Ulikuwa unazunguka zunguka. Chai, muhogo, chai."

Wazee kwenye ua wakaanza kunung'unika. Mzee Oketch akavua kofia yake. "Owiti, acha. Mwanamke kwenye duol? Mama yangu mzazi alimletea baba chakula miaka yote, akasimama pale nje ya kivuli akaita. Wake zako hawajawahi kukanyaga hapo. Wewe mwenyewe ulimfokea Dorca mbele yangu kwa kuokota kuni hapo."

"Sheria haijui duol," Wakhungu alisema, akijaribu kuwa mkali kwa mtu yeyote yule.

"Kweli," Emmaculate alisema. "Kwa hiyo tuachane na desturi. Mzee, mapipa yako yote hukaa wapi?"

"Juu. Kwa mikayi."

"Hukuwa na pipa hapa karibu? La kuchanganyia ng'ombe chakula?"

"Hakuna."

"Mvua ya Jumatano iliosha kila kitu bomani. Kwato, nyayo, alama za pipa. Lakini hapa chini ya mabati haikufika." Alisogea hadi ukingo wa kivuli. "Tangu tufike hujainuka, Mzee. Geti lako limevunjwa hukuinuka. Tafadhali simama."

"Niko nyumbani kwangu."

"Najua. Simama."

Owiti hakusimama. Aliangalia chini kwa nukta moja tu, na watu wote waliokuwa karibu wakafuata macho yake. Sisimizi walikuwa wakipanda mguu wa kiti. Walikuwa wengi, mstari mweusi mwembamba, na wengine walikuwa wameshafika kwenye soksi yake.

Wakhungu alimshika mkono, akamwinua, akakisogeza kiti. Chini yake, kwenye udongo mkavu, kulikuwa na duara kamili, pana kama kitako cha pipa, jeusi, linalong'aa, limejaa sisimizi kama shanga. Harufu tamu ya molasi ikapanda.

"Ng'ombe wake wanakula hapo," Dorca alisema. "Tangu mwezi uliopita pipa hukaa hapo, na Jumatano Mark alikuwa ameshusha jipya lililojaa. Niliwaambia polisi. Nani alinisikiliza?"

Wakhungu alitazama viatu vyake.

"Ulijua tutaangalia mlango wa mikayi," Emmaculate alimwambia Owiti. "Boma lako limepangwa hivyo, mtu yeyote wa hapa angeangalia huko. Mimi pia niliangalia huko. Ulililaza pipa tu, ukaliachilia. Hukuhitaji hata kutoa jasho. Ulimlenga nani? Winny?"

"Winny!" Sauti ya Owiti ilipasuka. "Nimlenge Winny kwa nini? Nimemjengea. Nimemnunulia simu, nimemnunulia cherehani. Winny ningemlenga kwa nini?" Shati lake lililonyooka lilikuwa limetoka upande mmoja. "Alikuwa anacheka. Mmesikia anavyocheka? Mimi nimekaa naye miaka mitano hajawahi kunichekea hivyo. Anakuja mtu wa trekta, miguu ina matope, anashika kikombe changu, anasema habari ya ng'ombe, na yeye anacheka mpaka anashika ukuta. Nilitaka anyamaze tu. Nilitaka wanyamaze."

"Na Dorca?" Emmaculate aliuliza. "Yeye ulikuwa unamnyamazisha kwa nini?"

Owiti alimwangalia mkewe wa kwanza kana kwamba alikuwa amesahau yuko pale.

Wakhungu alitoa ufunguo, akafungua pingu mikononi mwa Dorca, akazifunga mikononi mwa Owiti. Alifanya hivyo bila kuambiwa. Alipompitisha mbele ya Emmaculate alisimama.

"Nitaandika mimi ripoti?" aliuliza. "Vipimo ni vyangu."

"Ni vyako. Andika. Uandike pia kwamba Dorca alituambia habari ya pipa la ng'ombe, na siku aliyotuambia."

"Nitaandika, Afande."

Gari lilipita geti lililovunjika, likateremka kuelekea mjini, na kule mbali chini ziwa lilikuwa jeupe kwa jua la mchana. Watu wa ua walianza kutawanyika kwa minong'ono. Emmaculate alibaki nyuma kumsubiri mpiga picha wa polisi. Dorca alisimama katikati ya njia ya ng'ombe akisugua vifundo vya mikono. Winny alisimama mlangoni pake. Kati yao kulikuwa na uwanja mtupu, kibanda kisicho na mtu, na majiko mawili yasiyo na moto.

"Sikujua," Winny alisema hatimaye. "Niliapa kwa polisi kwamba ni wewe. Niliapa, Mama Okello."

Dorca hakumtazama. "Uliapa kwa moyo mmoja?"

"Kwa moyo mmoja."

"Hata mimi ningeapa. Ningekuwa mimi nimeketi na Mark, ningeapa ni wewe." Akageuka kuelekea nyumbani kwake, juu, kwenye paa linalovuja.

Akello aliiachilia sketi ya mama yake. Alivuka uwanja peku, akapita duol kwenye kivuli chake bila kujua ni wapi anapita, akaushika mkono wa Dorca kwa vidole vyake viwili.

"Mama Mkubwa," alisema, "nina njaa."